Kabla Hujavaa Sare: Yaliyonipata Nikisomea Uuguzi Mombasa

Wanaotaka kusomea uuguzi huletwa kwangu na mama zao jioni, nikishatoka kazini. Mtaani kwetu Likoni mtu wa sare hii huchukuliwa anajua kila kitu, basi wanauliza ada ni kiasi gani, alama za kuingilia ni zipi, na kama kazi ipo baada ya kumaliza. Nawajibu ninachojua. Kisha nawaomba wakae kidogo, maana lililo kubwa hawajaliuliza. Mtoto huyu atalala saa ngapi? Akiwa kwenye wadi za hospitali atakula nini, na wakati gani? Siku mgonjwa wake wa kwanza atakapofariki, ataongea na nani? Darasani kwetu walioacha masomo njiani walikuwa na akili za kutosha. Walishindwa na hayo mambo mengine, yale yasiyoandikwa kwenye fomu ya kujiunga.

Nilichukua diploma ya uuguzi hapa hapa Mombasa. Chuo na hospitali nilizopitia sitazitaja, kwa sababu niliyoyaona huko nimeyasikia pia kwa wenzangu waliosomea kwingine. Ninachotaka kijulikane ni kwamba tabia zilizotudhuru zaidi hazikuonekana mbaya hata kidogo. Zilionekana kuwa bidii. Msichana aliyemaliza zamu nzima bila kula aliitwa mchapakazi. Aliyekesha na vitabu akaitwa msomi, na asiyetoa chozi mbele ya maiti akaambiwa huyu sasa amekuwa muuguzi. Tulisifiwa kwa mambo yaliyotuumiza, na mtu akisifiwa haachi.

Muhula wa kwanza ulikuwa wa darasani zaidi: anatomia, fiziolojia, misingi ya uuguzi, saikolojia. Ulichosha kama masomo yoyote yanavyochosha. Mambo yalibadilika tulipopelekwa wadini. Mwanafunzi wa uuguzi hutumikia pande mbili kwa wakati mmoja. Chuo kinamtaka asome, afanye mitihani, awasilishe kazi alizopewa. Wadi inamtaka awahi kupokezana zamu, apime presha, joto, mapigo na pumzi za wagonjwa, atandike vitanda, akimbize sampuli maabara. Kila upande humhesabia kana kwamba ule mwingine haupo. Halafu kuna kile kitabu cha kuandikia vitendo, ambacho kila ulichofanya lazima kitiwe sahihi na aliyekusimamia. Bila sahihi, ni kama hukufanya. Nimewaona watu wazima wakilia chooni kwa sababu ya sahihi moja.

Sisi tunaotoka ng'ambo ya Likoni tulikuwa na feri juu ya hayo. Kuvuka kwa miguu hulipi, lakini asubuhi umati ni mkubwa na feri haina simile na mtu aliyechelewa. Ili niwe wadini saa moja na nusu, niliamka saa kumi alfajiri. Jioni nikirudi nyumbani nakuta vyombo, nakuta mdogo wangu na kazi zake za shule, nakuta na jirani ameketi barazani anasubiri apimwe presha kwa kuwa Sista, kama muuguzi anavyoitwa, amefika. Msimu wa kaskazi, ile Januari na Februari, chumba hakilaliki kwa joto mpaka usiku umekwenda sana. Mtu mzima anahitaji usingizi wa saa saba au zaidi kwa siku. Nilikuwa napata nusu ya hizo siku nyingi, na nilidhani ndiyo maisha ya mtu anayejitafutia.

Hapo ndipo vinywaji vya kuongeza nguvu vilipoingia. Mkebe wa mililita 250 huwa na kafeini miligramu 80 hivi, karibu sawa na kikombe cha kahawa, pamoja na sukari nyingi. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya inasema mtu mzima mwenye afya asipitishe miligramu 400 kwa siku. Mikebe miwili, vikombe viwili vya kahawa thungu na chai ya rangi ya jioni vinakufikisha karibu na hapo bila kujua. Kafeini haiondoi uchovu. Inaziba pale ambapo ubongo hupokea habari za uchovu, na uchovu wenyewe unabaki mwilini ukisubiri. Tena haitoki haraka: baada ya saa tano hivi, nusu yake bado imo. Kuna utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2013 ulioonyesha kwamba miligramu 400 zikinywewa hata saa sita kabla ya kulala hupunguza usingizi kwa zaidi ya saa moja. Kwa hiyo mtu anayekunywa magharibi ili asome hadi usiku wa manane hulala usingizi wa juu juu, huamka amechoka kuliko alivyolala, na dawa anayoijua ni mkebe mwingine. Chumba chetu cha bweni, wakati wa mitihani nilipokuwa nikilala huko kwa wenzangu, kilikuwa na mikebe mitupu chini ya kila kitanda.

Baada ya hapo kichwa kikaanza kuuma kila alasiri. Nasi ni watu wa dawa, tukajitibu. Ibuprofeni kwenye tumbo tupu, juu ya kahawa. Haukupita muda tumbo likaanza kuwaka moto. Mwenzangu mmoja alisumbuka mpaka akawa hawezi kusimama wima kwenye raundi ya daktari, na kila aliyemwona alimwambia ana alsa za mawazo, yaani vidonda vya tumbo vya kufikiri sana, apunguze kufikiria. Darasani tulikuwa tumefundishwa vingine kabisa. Vidonda vya tumbo husababishwa sana na bakteria aitwaye Helicobacter pylori, ugunduzi uliowapa Barry Marshall na Robin Warren Tuzo ya Nobel mwaka 2005, na sababu nyingine kubwa ni dawa za maumivu za jamii ya ibuprofeni na diklofenaki. Tulilijibu swali hilo kwenye mtihani tukapata alama zote. Kati yetu hakuna aliyelihusisha lile jibu na vidonge vilivyokuwa mkobani mwake.

Jambo jingine tulilolijua na hatukulitumia: dawa za maumivu zenyewe huleta maumivu ya kichwa zikizidi. Hata parasetamoli, ukiitumia siku 15 au zaidi kila mwezi kwa zaidi ya miezi mitatu, inaweza kuwa ndiyo inayokuuma kichwa. Basi mwanafunzi anayesoma haya, ukijikuta unameza dawa ya maumivu siku nyingi kuliko usizomeza, nenda kliniki ukajiandikishe kama mgonjwa. Chukua kadi, keti foleni, uulizwe maswali, upimwe. Usimkamate daktari kwenye korido umwambie "nina kichwa tu." Ushauri wa kwenye korido ndio uliotuchelewesha wote, kwa sababu anayekujibu hajui umekula nini, umelala saa ngapi, na umeshameza nini.

Vijana wa kiume darasani kwetu, na wasichana wachache kwa kificho, walichagua muguka, yale majani ya kutafuna ya jamii ya miraa. Mombasa hautafutwi, vibanda viko kila mtaa na bei yake ni ndogo kuliko sahani ya wali. Hutafunwa na bigijii (ubani wa kutafuna) na njugu. Kwa saa za mwanzo kitabu kinasomeka kweli, na anayewaambia vijana kwamba hausaidii chochote atapoteza imani yao mapema, kwa kuwa wameshajaribu na wameona. Majani mabichi yana kathinoni, ambayo hufanya kazi mwilini kwa namna iliyo karibu na amfetamini, dawa kali ya kuchangamsha ubongo. Njaa inakatika, usingizi unakimbia, presha na mapigo ya moyo hupanda. Tatizo liko kwenye kushuka. Mtu huja juu kwa hasira, au huzama kwenye huzuni isiyo na sababu, na usingizi hauji hata akiutafuta. Ndipo wengine walipoanza kutafuta cha kuwalaza: kwanza dawa za mzio zinazoleta usingizi, kisha pombe, kisha vidonge ambavyo kwa kawaida havitolewi bila karatasi ya daktari. Mtu akawa na cha kumwamsha na cha kumlaza, na katikati yake hakuna chakula.

Mei 2024 Gavana Abdulswamad Nassir alipopiga marufuku muguka Mombasa, na mahakama ikasimamisha marufuku hiyo muda mfupi baadaye, nilifuatilia mjadala wote. Ulizungumzia watoto wa shule, vijana wa maskani, na riziki ya wakulima wa Embu. Yote ni kweli na yanastahili kusemwa. Lakini nilikuwa namkumbuka kijana wa darasa letu aliyekuwa na mkono mwepesi wa kupata mshipa wa mtoto mchanga kuliko yeyote kati yetu. Alianza kutafuna wakati wa zamu za usiku, ili asisinzie, kwa nia njema kabisa. Akaanza kukosa zamu za asubuhi, kisha madarasa. Hakuna aliyemuuliza kitu mpaka siku alipoitwa kwa ajili ya nidhamu, na hapo alikuwa ameshachoka na sisi sote. Hakumaliza. Nikimkumbuka bado naona uchungu, kwa sababu alitafuta njia ya kubaki macho ili awahudumie watu.

Upande wa pesa sitakaa sana. Sare, viatu, nauli, kuchapisha kazi, na chakula cha nje zamu ya usiku vilikula zaidi ya tulivyopanga. Walioziba pengo kwa mikopo ya simu walijikuta wanakopa huku kulipa kule, na waliojaribu kamari ya simu walipoteza hata nauli. Ukiwa na mwanao anayekwenda mazoezini hospitalini, weka kando pesa ya chakula cha zamu ya usiku kabla ya jambo jingine lolote. Mwanafunzi mwenye njaa saa tisa za usiku hufanya maamuzi ambayo mchana asingeyafanya.

Sasa nije kwenye lile nililolibeba muda mrefu kuliko mengine. Mgonjwa wangu wa kwanza kufariki alikuwa mzee aliyekuwa akiniita mjukuu wangu. Nilikuwa namlisha uji asubuhi na kumgeuza ili asipate vidonda vya kulalia. Alifariki mchana. Sista tuliyekuwa naye zamu akaniambia kwa upole tumwandae. Tukamfumba macho, tukamnyoosha, tukamfunika. Jamaa zake wakaja, wakasoma, wakalia, wakaondoka naye. Kitanda cha jirani kilikuwa kinasubiri dawa ya saa nane. Nikatoa dawa, nikaandika ripoti, nikakabidhi zamu, nikavuka feri nikaenda nyumbani kupika.

Sisi watu wa Pwani tunajua kufiwa. Mtu akifariki turubai hupigwa, majirani huja na masufuria yao, jamaa hukaa matanga siku tatu, watu hukusanyika kuomba. Hakuna anayemtarajia mfiwa aamke saa hiyo hiyo aende kufanya kazi ya mtu. Lakini mwanafunzi aliyemwosha na kumlisha marehemu hana matanga. Si ndugu, kwa hiyo hana haki ya kulia mbele ya ndugu. Si daktari, kwa hiyo hakuna atakayemuuliza ameonaje. Na kesho yake kitanda kile kina mtu mwingine.

Kwa muda baada ya pale sikulia wala sikuzungumza. Usiku nilikuwa naangalia simu mpaka saa nane, video hii na ile, na asubuhi sikumbuki hata moja. Wadini nikaanza kuwajibu watu kwa mkato. Nilikuwa nafanya kila kitu kwa usahihi, na ndani yangu hapakuwa na mtu. Baadaye nilikuja kuona kwamba hali ile inajulikana, kwa Kiingereza huitwa burnout. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 liliieleza kwa sura tatu: kuishiwa nguvu, moyo kujitenga na kazi au kuichukia, na kujiona hufanyi la maana. Likaiweka kuwa jambo linalotokana na mazingira ya kazi yasiyodhibitiwa vyema, halikuiita ugonjwa wa mtu. Kwangu hilo lilikuwa na uzito mkubwa, maana nilikuwa nimeshaamini kwamba mimi ndiye dhaifu na sikuumbiwa kazi hii.

Aliyenitoa hapo alikuwa sista mmoja wa makamo katika wadi ya kina mama. Siku hiyo mama mmoja alikuwa amejifungua mtoto asiye hai, na wanafunzi tulikuwepo. Kazi ilipotulia, yule sista alituita sisi pamoja na mkunga aliyezalisha kwenye chumba cha chai, akafunga mlango. Akasema, "Wanangu, kila mmoja aseme aliloliona. Hapa hatumtafuti mkosa." Akaanza yeye mwenyewe, akasema alivyohisi miguu imemlegea. Haikufika hata nusu saa. Mmoja wetu alilia, mwingine aliuliza kama kuna kitu kingefanyika tofauti, akajibiwa kwa kina na bila kukemewa. Mimi nilipofikiwa, nilijikuta namzungumzia yule mzee wa wadi nyingine, wa miezi iliyopita. Hakuna aliyenikata. Usiku ule nililala bila kugusa simu.

Nilimfuata siku nyingine kumshukuru, naye akanipa jambo ambalo kwa kweli nilikuwa nimeshalisoma. Aliniambia nichukue karatasi niigawe pande mbili. Upande mmoja niandike yanayonisumbua ambayo yanaweza kubadilishwa, hata kidogo. Upande wa pili yale ambayo hayabadiliki, yanayohitaji kuliliwa, kuombewa au kuzungumzwa. Katika saikolojia tulikuwa tumekariri Lazarus na Folkman wa mwaka 1984, waliotofautisha kukabili tatizo lenyewe na kushughulikia hisia zinazoletwa na tatizo. Nilikuwa nimeandika ukurasa mzima juu yao. Kwenye karatasi yangu upande wa kwanza ulijaa haraka: feri, chakula, sahihi, usingizi, majirani wa jioni. Upande wa pili ulikuwa na machache, ila mazito. Na yote, ya pande zote mbili, nilikuwa nayatibu kwa dawa ile ile ya kunyamaza na kunywa kafeini.

Nilianza na usingizi kwa sababu bila huo mengine hayashikiki. Nilining'iniza leso mbili nzito dirishani kwa ajili ya kulala mchana baada ya zamu ya usiku. Simu ikalala chumba cha mama. Kafeini nikaikomesha mapema, saa sita kabla ya kulala au zaidi, na nilipunguza taratibu kwa kuwa ukiikata ghafla kichwa kinauma vibaya siku za mwanzo. Kabla ya zamu ya usiku nikawa nalala kidogo alasiri. Jambo gumu kuliko yote lilikuwa majirani. Mama alinisaidia, akawaambia kwa adabu, "Mwanangu akirudi anapumzika kwanza, njooni Jumamosi." Walikuja Jumamosi, na hakuna aliyekasirika.

Chakula nikakibeba. Mahamri na mbaazi asubuhi kabla ya feri, na chombo chenye viazi vitamu au mayai ya kuchemsha kwa ajili ya mchana, pamoja na chupa ya maji. Nilikuwa naogopa kuomba nafasi ya kula, nikidhani nitaonekana mvivu. Nilipomwambia msimamizi mwanzoni mwa zamu, "Nitaomba dakika kumi na tano saa sita, nimeshakabidhi wagonjwa wangu kwa mwenzangu," nilikubaliwa. Ukiomba mapema na ukaonyesha nani atashika nafasi yako, mara nyingi unapewa. Ukingoja mpaka umezidiwa, wadi nayo imezidiwa.

Sahihi pia zina njia yake. Asubuhi mwambie unayefanya naye kazi vitendo viwili unavyotaka kujifunza siku hiyo. Akikusimamia, fungua kitabu pale pale kabla ya kukabidhi zamu. Ukiziacha zirundikane hadi mwisho wa mzunguko, utamkuta huyo mtu yuko likizoni au amehamishwa, na utatumia siku zako za kupumzika ukizunguka wadi hadi wadi. Upande wa feri niliandika barua chuoni, nikakataliwa. Mwalimu wa kliniki akaniruhusu nibadilishane baadhi ya zamu na mwenzangu wa Kisauni, asiyevuka feri, ambaye alfajiri kwake ilikuwa nyepesi kuliko kwangu. Nilipata nusu ya nilichoomba, na nusu hiyo ilitosha kunipa usingizi.

Kwa wakati wa kubanwa, kabla ya mtihani wa vitendo au dharura ikiwa imepita na mikono inatetemeka, pumzi inasaidia. Vuta kwa pua taratibu, kisha toa kwa muda mrefu kuliko ulivyovuta, urudie kwa dakika moja au mbili. Kutoa pumzi polepole hupunguza mapigo ya moyo, na unaweza kufanya hivyo ukiwa unanawa mikono bila mtu kujua. Na mwili unataka kutembea. Kutoka kwenye kivuko cha Likoni hadi Mama Ngina ni karibu, kuna mibuyu na upepo wa bahari, huhitaji kulipa wala kuvaa chochote maalumu. Tulikuwa tukienda kikundi cha wasichana wanne, Ijumaa jioni. Sheria yetu ilikuwa kwamba nusu ya kwanza ya matembezi tunazungumza ya wadini, tukigeuza kurudi hayatajwi tena.

Niseme na juu ya imani, kwa sababu hapa kwetu ndilo jibu la kwanza unalopewa. Swala ilinishika, na wenzangu Wakristo walishikwa na kwaya na ibada zao. Silidogoshi hilo. Lakini nimewaona wasichana walioambiwa huzuni yao ni upungufu wa imani, wakaongezewa hatia juu ya huzuni. Mtu anaweza kuswali sala zake tano na bado akahitaji mshauri nasaha, kama anavyoswali na bado akameza dawa ya malaria.

Rafiki yangu mmoja, tukiwa mwaka wa mwisho, aliniambia tukiwa tunakunja shuka kwamba anatamani alale asiamke. Alisema kama anayezungumzia hali ya hewa. Nilimuuliza waziwazi kama anafikiria kujiua. Watu huogopa kuuliza hivyo wakidhani watampa mtu wazo, na hofu hiyo haina msingi. Kumuuliza hakumtii wazo hilo, na wengi hupata nafuu kwamba kuna aliyethubutu kusikia. Alikubali. Sikumwacha peke yake siku hiyo. Nilimuuliza ni mtu mzima gani anayemwamini, akamtaja shangazi yake, tukampigia pamoja. Kesho yake nilimsindikiza kliniki, katika kituo ambacho wanafunzi wa chuo chetu hawapangiwi, kwa kuwa hofu yake kubwa ilikuwa kukutana na sisi wenyewe kwenye foleni. Alichukua mapumziko ya masomo, akarudi, akahitimu baada yetu. Ameniruhusu niliseme hili bila jina.

Wakati ule kulikuwa na kizuizi kingine. Kujaribu kujiua lilikuwa kosa la jinai kwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, na sisi tulilijua hilo. Mwanafunzi aliogopa kuzungumza asije akaharibu leseni ambayo hata hajaipata. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba. Waambieni wanafunzi wenu. Laini ya Msalaba Mwekundu Kenya ya kuzungumza na mshauri ni 1199, na ya NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, kwa anayetaka kusaidiwa kuacha muguka, pombe au dawa ni 1192. Zote hupigwa bure. Ukiwa na mwenzio ambaye ghafla amenyamaza, anaanza kugawa vitu vyake au anazungumza kama anayeaga, usingoje mpaka uwe na hakika.

Sasa ni mimi ninayetia sahihi vitabu vya wanafunzi, na najua wadi ilivyo: watu wachache, wagonjwa wengi, vifaa havitoshi. Wasimamizi wenzangu, siwaombi muwe washauri nasaha. Naomba mwanafunzi atiwe sahihi siku ile ile aliyofanya kazi, apewe nafasi ya kula na iandikwe kwenye mgao wa zamu kama kazi nyingine yoyote, na anayejisifu kwamba hajala tangu asubuhi asipewe pongezi, atumwe akale. Na mgonjwa akifariki, kaeni pamoja dakika kumi kabla ya kukabidhi zamu, mlango ukiwa umefungwa. Katika wadi yetu mkubwa ndiye anayeanza kusema, ili mdogo aone kwamba inaruhusiwa, na mwanafunzi hupewa nafasi kabla ya mtu yeyote kuanza kueleza mambo ya kitaalamu. Asiyetaka kusema hunyamaza, kisha mmoja wetu humtafuta kesho yake akamuulize kama alilala.